Diski Nne kwa Msalaba

Yeoville, Johannesburg
Jumapili, 14 Machi 2010

Baba mpendwa,

Habari za Uvira? Magoti ya Mama yanaendeleaje, na masikio yako? Mimi sina ugonjwa, nina uchovu wa kusimama tu. Barua hii inaletwa na Parfait, yule mfanyabiashara wa vitenge. Anasema atafika Bujumbura kabla ya Pasaka na kwenu siku mbili baadaye. Najua ni rahisi zaidi kupiga simu, lakini mara ya mwisho ulinijibu "ndiyo" mara tisa, kisha Mama akaniambia hukusikia hata neno moja. Basi tuandikiane.

Nina habari. Miaka miwili nimeosha sahani za maabara, na tangu Januari wamenitoa kwenye karo la kuoshea. Sasa niko kwenye benchi la usugu wa dawa. Kazi ni ileile uliyonionyesha nikiwa mdogo: bakteria wa mgonjwa wanapakwa kwenye sahani, diski zinawekwa juu yao, yaani vile vikaratasi vya duara vilivyoloweshwa dawa, sahani inakaa kwenye joto, na kesho yake tunapima uwazi kuzunguka kila diski. Uwazi ukiwa mpana, dawa inafaa. Usipokuwepo, bakteria ni sugu. Mimi napima na kuandika, mkuu wa zamu anatia sahihi, majibu yanakwenda kwa daktari.

Hapa diski hazipangwi kwa mkono. Kuna chombo kama muhuri mkubwa, unakibonyeza juu ya sahani na diski sita zinashuka kwa pamoja. Jumanne kilikwama. Fundi amesema wiki mbili. Wenzangu walishika koleo la kubania diski, zikawa zinawaanguka. Mimi nikapanga kama ulivyonifundisha: diski nne kwa msalaba, dawa za ukoo mmoja zikitazamana kutoka mbali, sahani mbili kwa kila mgonjwa. Denise, mkuu wangu wa zamu, alisimama nyuma yangu kwa muda, kisha akasema, "Eish, Yolande, ulizaliwa na koleo mkononi?" Nikamjibu nilizaliwa na baba mwenye koleo. Amenipa sahani zote mpaka chombo kitakapotengenezwa.

Leo nimekwenda kanisani na kitambaa kichwani. Diane, yule Mrundi anayenisuka, amefunga saluni. Wanasema anaumwa kidole.

Msalimie Mama sana.

Binti yako,
Yolande


Uvira, Jumanne, 27 Aprili 2010

Yolande binti yangu,

Barua yako imefika ikinuka samaki, sijui Parfait aliifunga pamoja na nini. Mama yako anakusalimu. Magoti yanamsumbua asubuhi, mchana anayasahau. Mimi sikio la kushoto limekwisha. La kulia linasikia linachotaka, ndivyo anavyosema yeye. Na wewe ukisimama siku nzima, vaa viatu vya kufunga.

Nimeisoma mara tatu. Mama yako akauliza kuna nini ndani, nikamwambia kuna msalaba wangu Johannesburg. Akadhani umekuwa mtawa.

Kwa kuwa sasa unafanya kazi hii kweli, nikuandikie sababu, maana ulipokuwa mtoto nilikuonyesha mkono tu. Diski nilizokuwa nazo zilikuja mara mbili kwa mwaka. Nisingeweza kurudia sahani. Diski zikiwa karibu, maduara yanaingiliana na huwezi kupima. Dawa za ukoo mmoja ndizo mbaya zaidi, zinasukumana. Kwa hiyo nilizitenganisha, moja juu, moja chini. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nililiona mwenyewe, na kwa miaka ishirini na mbili maduara yangu yalikuwa mviringo kamili.

Bado nakwenda hospitalini Jumatatu na Alhamisi kumsaidia Damien, kijana wao mpya wa maabara. Ana diploma na hana subira. Anapanga vizuri sasa.

Arnaud seremala alipita tena siku ya Mwaka Mpya na jogoo wake. Utamkumbuka, mwenye mguu mmoja. Kila mwaka namwambia aache, kila mwaka ananijibu, "Papa Ignace, karatasi yako ndiyo iliyonibakiza hai." Ni kweli nilimpima mwaka 1994. Mguu walikata, lakini alipona.

Jambo moja la mwisho. Sisi watu wa maabara hatumwoni mgonjwa. Tunaona namba. Kwa hiyo makosa yetu ni rahisi kuyafanya na vigumu kuyajua. Pima kila duara mara mbili, na mara ya pili geuza sahani.

Baba yako,
Ignace


Yeoville, Jumapili, 6 Juni 2010

Baba,

Nakusalimu wewe na Mama. Viatu nimenunua. Kombe la Dunia linaanza Ijumaa na mtaa mzima unapuliza vuvuzela, hata wewe ungezisikia. Yanayofuata nayaandika kwa mpangilio, kwa sababu ulinifundisha kwamba kosa huandikwa hivi: kwanza kilichotokea, halafu kwa nini.

Jumamosi tarehe 15 Mei nilikwenda kwa Diane kusuka. Saluni ilikuwa wazi, lakini aliyekuwa akisuka ni msichana mwingine. Diane mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha wateja, mkono wa kulia umefungwa bendeji.

"Umekuja kunicheka, dada?" akaniuliza. "Keti, nikuhadithie upuuzi. Februari nilijichoma na sindano ya kushonea nywele, hapa, kidole cha kati, kwenye kiungo. Nikasema ni sindano, mimi nachomwa kila siku. Kumbe imefika kwenye mfupa. Machi wakanipasua, wakapeleka kipande maabara, majibu yakarudi: dawa hii inafaa. Nimemeza wiki sita, wakaniongezea. Ona, bado inatoa usaha. Mimi bila kidole hiki nitashika nywele na nini, na meno?"

Nilimwuliza ni dawa gani. Akavuta droo ya vitana akanionyesha pakiti. Klindamisini. Nikauliza hospitali, nikauliza tarehe. Ni hospitali inayotuletea sisi vipimo, na ni wiki ile chombo kilipokwama.

Jumatatu nilitafuta jina lake kwenye kompyuta. Erithromisini: sugu, hakuna uwazi. Klindamisini: inafaa, milimita ishirini na nne. Mpimaji: mimi.

Nilikwenda kwa Denise kabla ya chai.

"Nani amekuruhusu kutafuta jina la mtu unayemfahamu?"

"Hakuna."

"Basi una kosa moja tayari. La pili ni lipi?"

"Silijui bado. Naomba turudie sahani."

Bakteria waliotoka kwenye mfupa tunawatunza kwenye friza miezi mitatu, kwa hiyo walikuwepo. Tuliwaotesha upya, na siku iliyofuata Denise akabonyeza chombo mwenyewe. Jumatano asubuhi aliinua sahani kwenye mwanga akaniita. Erithromisini na klindamisini zilikuwa jirani. Duara la klindamisini lilikuwa zuri pande zote, isipokuwa upande unaoitazama erithromisini. Pale lilikuwa limebanwa, limenyooka kana kwamba mtu ameegemeza rula.

"Machi ulizipanga wapi?" Nikamchorea msalaba, moja juu, nyingine chini. Akautazama. "Nani alikufundisha hivi?"

"Baba yangu."

Akaweka sahani mezani, akasema, "Na mimi nilitia sahihi bila kuiona sahani. Lete fomu."

Baba, sababu ni hii. Kuna bakteria ambao wakikutana na erithromisini wanajifunza kujikinga na klindamisini pia. Hilo huwezi kuliona mpaka diski mbili ziwe jirani. Ukizitenga, duara linatoka mviringo kamili, nalo ni uongo. Chombo chetu kinaziweka jirani kwa makusudi. Mimi nilidhani ni uvivu wa waliokitengeneza.

Tumerudia sahani zote za wiki zile mbili. Wagonjwa kumi na mmoja walikuwa na majibu ya namna hiyo, watatu maduara yao yamebanwa. Diane ni mmoja wa watatu. Majibu yaliyosahihishwa yamekwenda kwa madaktari, na juu yake imeandikwa kwamba yale ya kwanza yasitumike, na kwa nini. Daktari wa Diane amebadilisha dawa. Kama kidole kitabaki, hajui. Anaogopa kwamba ugonjwa umeenea kwenye kiganja.

Yeye Diane ameambiwa tu kwamba dawa imebadilishwa. Sisi haturuhusiwi kuzungumza na mgonjwa. Mimi nimerudishwa kwenye karo mpaka wakubwa watakapokaa. Mkataba wangu ulikuwa wa kuandikwa upya mwezi huu, na karatasi zangu za ukimbizi zinaisha Oktoba.

Sikuandikii ili nikulaumu. Koleo lilikuwa mkononi mwangu. Lakini unakwenda hospitalini Jumatatu na Alhamisi, na Damien anapanga kama wewe.

Binti yako,
Yolande


Yeoville, Jumapili, 29 Agosti 2010

Baba mpendwa,

Natumaini mko wazima. Nauliza kwa kweli, si kwa mazoea, maana sijapata neno tangu Aprili. Parfait anasema barua ya Juni alikupa mkononi, ukaisoma umesimama mlangoni, ukamwuliza kama anataka maji, ukaingia ndani. Nilipiga simu mara mbili. Mama anasema unakula vizuri na kwamba unatoka kila asubuhi na tochi. Nikamwuliza tochi ya nini asubuhi, akasema nikuulize wewe.

Habari za huku. Kidole cha Diane kilikatwa tarehe 2 Julai, kwenye kiungo cha pili. Mkono umebaki, na kidonda kimekauka. Amerudi kazini. Anasuka pole pole, anashika nywele kati ya kidole cha shahada na cha pete, na wateja wawili wamehamia saluni ya jirani. Nilimwuliza daktari wake alisema nini. "Alisema mfupa ulikuwa umeshakufa. Alisema ni bahati mbaya." Alinisuka huku akisema hivyo. Nikamlipa, nikaondoka.

Mimi bado nimo. Wakubwa walikaa, wakaniuliza maswali saa mbili nzima, na mwishowe wakaandika mkataba wa miezi sita. Denise aliwaambia kwamba aliyelileta kosa hili mezani ni mimi. Naosha vyombo, na Ijumaa ananiruhusu kusoma sahani za mazoezi.

Kama barua yangu ilikuumiza, niambie. Kama imekukasirisha, niambie pia.

Binti yako,
Yolande


Uvira, Jumanne, 21 Desemba 2010

Yolande binti yangu,

Nakusalimu, na mama yako anakusalimu. Sijambo. Niliposoma barua yako sikuumwa na sikukasirika. Nilikuwa na kazi.

Tochi ilikuwa ya stoo. Pale nyuma ya maabara kuna daftari zangu zote, tangu 1983 mpaka nilipostaafu, na stoo haina dirisha. Nimezisoma zote. Daftari la 1991 panya wamelila mpaka Septemba, kwa hiyo ninayokuambia yana pengo la miezi tisa. Nilitafuta majibu ambayo mkono wangu umeandika erithromisini sugu, linkomisini inafaa. Linkomisini ndiyo tuliyokuwa nayo sisi, nayo ni ukoo mmoja na hiyo klindamisini yenu. Nimehesabu majibu sitini na tatu.

Sijui ni mangapi kati ya hayo yalikuwa uongo. Kwenu ilikuwa watatu katika kumi na mmoja, lakini kwenu si kwetu na mwaka huu si mwaka ule. Haiwezi kujulikana. Sahani zilioshwa.

Alhamisi ile ile ya kwanza baada ya barua yako nilimwambia Damien aziweke diski mbili jirani. Akaniuliza, "Mzee, si ulisema ni dhambi?" Nikamwambia nilisema uongo bila kujua. Akacheka, akadhani natania. Tulisubiri mpaka Septemba kupata bakteria wa kufaa, kutoka kwenye jipu la mwanamke wa Kalundu. Duara likabanwa. Nilikuwa sijaliona maishani mwangu, na kumbe lilikuwepo wakati wote. Damien aliandika "sugu", daktari akabadilisha dawa, na yule mama amekwenda nyumbani.

Kati ya wale sitini na tatu, ninaowajua kwa sura na ambao bado wako hapa mjini ni wanne. Watatu walipona, nimehakikisha. Wa nne ni Arnaud. Machi 1994, mfupa wa mguu wa kushoto, erithromisini sugu, linkomisini inafaa, sahihi yangu. Wiki sita za sindano, kisha wakakata.

Nilichelewa kwenda kwake. Nilijiambia nimalize daftari kwanza, na nilipozimaliza nikajiambia nizihakiki. Mwisho nilikwenda, tarehe 10 mwezi huu, maana Mwaka Mpya unakuja na angeleta tena jogoo.

Alikuwa anapiga randa mlango. Nikamweleza kila kitu, na yeye akanijibu kwa sauti kubwa ili nisikie, kwa hiyo mtaa mzima umesikia.

"Papa Ignace, unataka kuniambia mguu wangu ulikatwa kwa sababu ya karatasi yako?"

"Nataka kukuambia inawezekana. Sijui."

"Na kama ungeandika vizuri, walikuwa na dawa nyingine?"

"Moja. Ilikuwa ghali, na mara nyingi haikuwepo."

Akapiga randa kidogo. Halafu akaniuliza, "Miaka kumi na sita, jogoo kumi na sita?"

"Kumi na tano. Mwaka wa vita hukuja."

"Basi nirudishie."

"Wote?"

"Mmoja atatosha. Ila awe mkubwa, usiniletee kifaranga."

Sikujua kama anatania. Sikuuliza. Kesho yake nilinunua jogoo mwekundu sokoni nikampelekea. Alimpima kwa mikono, akasema huyu ni mzito kuliko wote aliowahi kunipa yeye, akamfunga kwenye mguu wa benchi lake. Nilidhani atamchinja Noeli. Sasa anasema hamchinji, anamweka. Karakana yake iko nyuma ya nyumba yetu, kama unavyojua. Mama yako anasema anawika saa kumi za alfajiri na kwamba mimi nina bahati, kwani simsikii.

Sasa nakuuliza wewe. Mimi nimekwenda kwa mtu wangu baada ya miaka kumi na sita. Diane wako anakaa hatua ngapi kutoka kwako?

Najua kuna kanuni, na kanuni ile ni nzuri. Siwezi kukuambia uivunje. Nakuambia nilichokifanya tu.

Baba yako,
Ignace


Yeoville, Jumapili, 13 Februari 2011

Baba,

Salamu kwako na kwa Mama, na kwa Arnaud ukimwona. Mimi ni mzima, na karatasi na mkataba wangu vimeongezwa muda. Ni hatua mia mbili na kumi, nimezihesabu.

Nilimwambia Denise kwanza. Alisema, "Mwenye haki ya kumwambia ni daktari. Mimi sijasikia ulichosema, na kama wakubwa wakisikia, sitakusaidia." Nikamwambia naelewa. Alipofika mlangoni akageuka akasema, "Usimtaje mgonjwa mwingine yeyote." Sikumtaja.

Jana nilikwenda kwa Diane asubuhi. Nilitaka kumwambia kabla hajaanza, lakini alinikalisha, akanichana, na kabla sijafungua mdomo alikuwa kwenye msuko wa tatu. Nilimweleza akiwa nusu ya kichwa. Nilimweleza kama nilivyokuandikia wewe: kilichotokea, halafu kwa nini. Nikamwambia na habari zako, na za Arnaud, mpaka jogoo.

Mikono yake ilisimama.

"Siku ile uliponiuliza dawa gani," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naogopa. Nilijua Jumatano iliyofuata."

"Na mwezi wa nane nilikusuka, nikakuambia daktari amesema ni bahati mbaya. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukanilipa."

"Nikakulipa."

Aliweka kitana chini. Hakupaza sauti. "Nenda nyumbani, Yolande. Nikiweza kuishika hiyo nusu nyingine nitakuita. Usiende kwa mtu mwingine akumalizie, nitajua."

Nimerudi na kichwa nusu. Upande wa kushoto misuko kumi na minne, upande wa kulia nywele zimesimama. Leo sikwenda kanisani. Kesho kazini nitavaa kofia ya maabara, na Denise ataona, na hatauliza.

Anaweza kunishtaki. Ana haki, na nimemwandikia kwenye karatasi tarehe na namba ya majibu, yote mawili, la kwanza na lililosahihishwa, ili akitaka asipate shida kuyatafuta.

Binti yako,
Yolande


Yeoville, Jumapili, 20 Machi 2011

Baba mpendwa,

Natumaini Mama hajambo na mvua hazijaharibu paa. Mimi nimerudishwa kwenye benchi tangu tarehe mosi. Chombo kinafanya kazi. Hata hivyo naangalia kila sahani kama zile diski mbili ziko jirani, kisha naigeuza na kuangalia tena.

Nimetembea na kichwa nusu wiki tano. Alhamisi Diane alipiga simu. Alisema, "Jumamosi, saa mbili, kabla ya wateja," akakata.

Hakuzungumza tangu msuko wa kwanza mpaka wa mwisho, na sikumlazimisha. Ile karatasi niliyompa imebandikwa pembeni ya kioo, pale anapoweka kadi za watu. Ilichukua saa tatu. Alipomaliza alichoma ncha za misuko, akanifuta shingo, akageuza kiti nimtazame.

Hataki nimjibu kitu kingine, ila swali moja, na mimi sina jibu lake. Anataka kujua kama yule jogoo bado anawika.

Muulize Mama.

Binti yako,
Yolande